Nilikwenda Mtwara Kuuliza Bei

Wenzangu wa chumba cha kuchorea, tangu nirudi mmenihoji mmoja mmoja, na kila mmoja nimemjibu kipande. Aliyesikia habari ya kukamatwa hakusikia habari ya kanga, na aliyesikia ya kanga anadhani nilikwenda kuwinda. Basi leo naisimulia yote. Habari za tiketi na ruhusa ya likizo naziruka, maana hizo mlizishuhudia na zinachosha hata kuzikumbuka.

Chanzo mnakijua. Mtwara kimefunguliwa kiwanda kidogo cha kupiga chapa vitambaa, wakanitaka nikawe mchoraji wao mkuu. Ukuu huo mshahara wake ulikuwa shilingi mia nne na hamsini kwa mwezi. Hapa Dar es Salaam, bila ukuu wowote, napata mia sita. Mtakumbuka tulivyobishana. Wengine mlisema mshahara mdogo penye maisha rahisi ni mshahara mkubwa. Wengine mkasema maisha huwa rahisi mahali pasipo na cha kununua. Mimi nikasema nitakwenda nione kwa macho yangu kodi, samaki, sukari, mkaa, kila kitu, ndipo niamue.

Mke wangu Zaituni alikubali kwa sharti moja.

"Nenda na mama," akasema. "Wewe ukitajiwa bei unasema ahsante."

Mama yake, Bi Somoe, ni mtu wa Kilambo, kule kwenye ukingo wa mto Ruvuma. Alihamia kwetu Magomeni alipofiwa na mumewe, na tangu hapo hakuwahi kumwona tena dada yake. Kusikia neno Mtwara tu, alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake kabla mimi sijapata kaptura yangu.

Melini

Sasa, wale ambao wakwe zenu wako mbali, sikilizeni. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hali mbele ya mkwe. Nyumbani jambo hili halina tabu: Bi Somoe hula uani, mimi hula barazani, na ukuta katikati unatutunzia heshima. Lakini sisi tulisafiri sitahani, na sitaha haina ua wala baraza. Juu ya hayo, Zaituni alitufungia chakula chote katika kapu moja.

Meli ikang'oa nanga, na kapu likakaa kati yetu kama hakimu.

"Kula, baba," akasema Bi Somoe, akitazama baharini. "Mimi sina njaa."

"Hata mimi, mama. Nimeshiba tangu asubuhi."

Tumbo langu likanguruma likanikana. Nikaona bora niondoke ili yeye ale. Nikasema nakwenda kutazama mitambo, nikazunguka upande wa nyuma, nikasimama karibu na moshi mpaka macho yakanitoka machozi. Nilipohisi sasa amekwisha kula, nikarudi kwa kupitia mbele. Huko mbele nikakutana naye uso kwa uso. Kumbe naye alikuwa ameondoka ili mimi nile. Tukainamisha vichwa, tukarudi pamoja, tukalikuta kapu kama tulivyoliacha.

Mchezo huo tuliurudia mpaka jua likaelekea magharibi. Samaki wa kukaanga ndani ya kapu walikuwa wameanza kujitangaza wenyewe. Baharia mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa akitutazama muda wote. Mwisho akaja akachuchumaa mbele yetu.

"Mama," akasema kwa upole, "mtoto akikosea husamehewa. Mwambie ale. Nawe kijana, mwombe mama yako radhi mbele yangu."

"Huyu si mwanangu," akasema Bi Somoe. "Ni mkwe wangu."

"Astaghfirullahi!" Baharia aliruka kama amekanyaga moto. Akaja na turubai, akalitundika katikati yetu, akagawa chakula kwa mikono yake mwenyewe, mkate huku na mkate huku, yai huku na yai huku. Nilikula kwa pupa hata nikasahau kusema bismillahi. Upande wa pili wa turubai nilisikia nako hakuna anayechelewa.

Lindi tulikaa kutwa nzima tukingoja mashua zimalize kushusha saruji. Kila tulipouliza tutaondoka lini, tulijibiwa, "Sasa hivi." Neno hilo kule lina nafasi kubwa sana ndani yake.

Mtwara mjini

Tulipokelewa na meneja wa kiwanda, Bwana Chilumba, mtu mnene, mcheshi, asiyependa kuficha. Alinionyesha chumba cha kuchorea chenye madirisha mapana na meza ambayo ningekaa peke yangu. Nyinyi mnajua jinsi tunavyogongana viwiko hapa. Nilipapasa ile meza kama mtu anayeposa.

"Mshahara ni huo huo niliokwambia," akasema. "Siwezi kuongeza hata senti."

"Na maisha hapa, Bwana Chilumba? Ni rahisi?"

"Nikisema ni rahisi utaniita mwongo, nikisema ni magumu hutakuja. Nenda sokoni ukaulize."

Nikaenda. Kosa langu lilikuwa mavazi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu mfukoni, na kwapani nimebeba daftari langu kubwa la kuchorea. Wakati wenyewe mnaujua: bei za vitu zimepangwa na serikali, na wakaguzi wanapita masokoni kuwatafuta wanaozidisha.

Nikaingia duka la kwanza. "Sukari kilo bei gani?"

Mwenye duka akasimama wima. "Bei iliyotangazwa, mheshimiwa."

"Na mafuta ya taa?"

"Iliyotangazwa."

"Sabuni?"

Akatazama dari kama mtoto anayesoma kwa moyo, akanitajia mpaka senti. Duka la pili hivyo hivyo. Kwa wauza samaki, mama mmoja alinitajia bei ya changu mkubwa, nikastaajabu kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. Aliponiona nimestaajabu akaipunguza tena. Nilipogeuka nikaona nusu ya vibanda vimefungwa. Nikafikiri watu wa Mtwara wana raha kiasi kwamba hupumzika mapema.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, nilimweleza Bi Somoe kupitia ukutani, kila mmoja akiwa chumbani kwake.

"Mama, hapa ni peponi! Sukari rahisi, mafuta rahisi, samaki ndio usiseme!"

Akauliza, "Hiyo sukari umeiona?"

"Nimetajiwa bei yake."

"Nimekuuliza umeiona?"

Kesho yake akachukua kapu akaenda mwenyewe, amejifunga kanga zake mbili, ndala miguuni. Aliporudi, kapuni mlikuwa na muhogo, nazi na samaki wawili wa wastani. Akalitua.

"Bei ya sukari ipo," akasema. "Sukari haipo. Mafuta ya taa huja na meli, na meli umeiona inavyokuja. Samaki ni rahisi kuliko Dar, lakini si kwa bei ya ndoto yako. Wanasema jana alipita mkaguzi kutoka Dar, mrefu, mwenye kalamu na daftari, soko zima likaingia baridi."

"Hukuwaambia ni mimi?"

"Niwaambie ni mkwe wangu?" Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nilimsikia akicheka peke yake, akinyamaza, akianza tena.

Likombe

Bwana Chilumba alituelekeza kwa Mzee Hamisi wa Likombe, aliyekuwa na nyumba ya kupangisha. Ilikuwa nyumba nzima, vyumba vitatu, ua mpana, kisima, na mikorosho minne nyuma. Kodi aliyotaja ilikuwa ndogo kuliko tunayolipa Magomeni kwa vyumba vyetu viwili na zamu ya choo. Nikafungua kinywa kusema ahsante. Bi Somoe akakohoa.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka akinipa mgongo, kama adabu inavyotaka, na akaanza kujadiliana na Mzee Hamisi kwa Kimakonde. Nilielewa neno moja tu, "bati", nikatazama juu nikaona tundu kubwa. Mzee Hamisi akapunguza.

Kisha akanigeukia. "Na kazi yako nini, bwana?"

"Nachora kanga."

"Kanga?" Akamtazama Bi Somoe, akanitazama tena. "Na unalipwa mshahara?"

"Kila mwezi."

"Kwa kuchora kanga! Anasimama akitulia umchore, au unamfunga?"

Ndipo nilipotambua kwamba mzee huyu, mwindaji wa zamani, alikuwa akiwaza ndege. Nikaanza kumweleza habari za kitambaa, lakini alikuwa amekwisha kuondoka kwa furaha kuelekea banda la kuku. Akarudi na kanga mzima, mwenye madoadoa, amefungwa miguu, anapiga kelele kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Huyu nimemnasa juzi. Chukua, zawadi. Mchore vizuri. Sisi hapa tunawala tu, hatukujua wana faida nyingine."

Zawadi ya mzee hairudishwi. Nikampokea.

Kilambo

Bi Somoe hakutaka kusikia neno lolote la kurudi Dar kabla ya kumwona dada yake, Bi Fatu. Tukapanda lori lililokuwa likipeleka unga Kilambo, mimi juu ya magunia na kanga wangu mapajani, yeye mbele na dereva. Lori lilizama mchangani mara nyingi kuliko lilivyokwenda. Kila likizama tulishuka tukasukuma, na kanga akatusimamia kwa makelele. Mama mmoja alinigawia ming'oko ya kuchemsha, viazi vyembamba vya porini. Nikaila na maganda yake. Lori zima likacheka, hata niliodhani wamelala. Nilipomenya ya pili nikaiona tamu, nikaomba ya tatu.

Tulifika jua la mchana. Bi Somoe hakungoja hata vumbi litue, akashika njia ya kwa dada yake karibu kwa kukimbia. Mimi, kwa kumpa nafasi ya kulia na nduguye, nikabaki nyuma, nikakaa kwenye kisiki mahali mto ulipoonekana. Maji ya Ruvuma yalikuwa yakizunguka mafungu ya mchanga kwa namna ambayo mchoraji wa vitambaa hawezi kuiacha. Nikafungua daftari kwenye kanga niliyokwisha kuianza Mtwara mjini, nikawa nayatia maji yale.

Ujinga wangu naukiri hapa. Ng'ambo ya mto ule kulikuwa na vita na Wareno. Watu wa Kilambo walikuwa wakisikia mizinga, walipokea wakimbizi wakivuka na watoto migongoni, na kila mgeni asiyejulikana alikuwa swali. Sikuwahi kumaliza mstari wa tano. Vijana watatu wa mgambo walinisimamia, mmoja na bunduki, wakanipeleka kwa kamanda wao, mimi, daftari langu na ndege wangu.

Kamanda Lipende alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, na utaratibu wake ndio ulionitisha. Akafungua daftari mezani.

"Ulikuwa unafanya nini mtoni?"

"Nachora kanga."

Akamtazama ndege. Akaitazama karatasi. Hakuona mdomo wala bawa.

"Hapa katikati ni nini?"

"Huo ni mji," nikasema, kama tunavyosema kazini.

Vijana wakasogea karibu.

"Mji gani?"

"Mji wa kanga."

"Na hii inayouzunguka?"

"Pindo. Yaani ndiyo mpaka wake."

"Mpaka." Akalirudia neno polepole. "Na haya yaliyopinda?"

"Korosho."

"Mbona zote zimeelekezwa mjini?"

Nyinyi mnajua, korosho lazima zielekee mahali.

"Na hapa chini umeandika nini?"

"Hilo ni jina."

"La nani?"

"Si la mtu. Ni jina tu."

Akasoma kwa sauti: "NJOO UONE MWENYEWE." Akafunga daftari. "Unamwita nani aje aone?"

Wenzangu, mimi nimezoea kucheka, lakini pale sikucheka. Nilifikiri juu ya Zaituni na binti yetu Halima, nikaona jinsi mtu anavyoweza kupotea kwa sababu ya pindo na mji. Nikasema nimekuja na mama mkwe wangu. Kamanda akatuma kijana.

Bi Somoe alikuja na Bi Fatu, wote wawili macho mekundu kwa machozi ya kukutana. Alipoelezwa, hakupoteza muda. Akavua kanga ya juu, akabaki na ya chini, akaitandaza mezani kwa kamanda.

"Mji," akasema, akipiga katikati kwa kiganja. "Pindo. Jina. Wewe mkeo anavaa magunia?"

Kamanda akasoma jina la kanga ile: MANENO YENU SIYAWEZI. Vijana wakaanza kukohoa.

"Habari ya kanga nimeielewa, mama," akasema Kamanda. "Huyu mtu ndiye sijamwelewa. Hata Mreno anaweza kumtuma mtu anayejua kanga. Nitajuaje kweli ni mkweo?"

Akafikiri. Kisha akamwita kijana, akamnong'oneza. Baada ya kitambo ikaletwa sinia moja: ugali wa muhogo na samaki wa nazi, moshi unapanda. Tangu ile ming'oko sikuwa nimetia kitu kinywani.

"Karibuni," akasema Kamanda. "Mtakuwa na njaa. Kuleni wote wawili."

Nikageuza uso ukutani. Bi Somoe akaichukua kanga yake mezani, akajifunika kichwa. Harufu ya nazi ikazunguka chumba. Kamanda akangoja. Mate yalinijaa, nikameza, ikasikika kabisa. Lakini mkono haukwenda, na nawaapia hata kwa bunduki usingekwenda.

Kamanda Lipende akaanza kutikisika mabega. "Mwacheni," akasema. "Mpelelezi gani angeacha samaki huyu? Mimi mwenyewe nyumbani nimewahi kutoka kwa kupitia dirishani kwa sababu mama mkwe alikuwa mlangoni."

Tukala nyuma ya nyumba, mimi na yeye. Alinieleza tena, bila kucheka sasa, kwamba nikitaka kuchora mto nimwombe kwanza, maana watu wake wanalala nguo mwilini. Nikamwomba radhi. Yule ndege nilimwachia mkewe kwa mikono miwili.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka, lori lilikuwa tayari, nikaenda kumchukua Bi Somoe kwa dada yake. Nilimkuta uani anatwanga, mzigo wake haujafungwa.

"Mama, lori linangoja."

"Panda, baba. Mimi sirudi."

Nikadhani sikusikia. Akaacha mchi, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake akanitazama usoni.

"Kwenu nimekaa vizuri, Mungu ni shahidi. Hukunivunjia heshima hata siku moja. Lakini Dar mimi ni mtu wa kukaa chumbani nikingoja nyinyi mrudi kazini. Hapa nimefika juzi, tayari watu wameniita kwenye msiba, kwenye unyago, na kuamua ugomvi wa mbuzi. Mwambie Zaituni sikumkimbia. Na mwambie mwenyewe, usimwandikie."

Nikasimama pale kama mtu aliyeporwa. Nilikuwa nimekwenda na mama wa watu, sasa narudi na kapu tupu.

Meli haikuwapo, nikarudi kwa basi. Safari ile sitaieleza sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari yenyewe basi lilikuwa limesimama. Tulilala kwenye tope, tukangoja pantoni ya Rufiji ambayo nahodha wake alikuwa amekwenda harusini. Abiria mmoja, fundi cherehani, alijua bei za Songea za mwaka mzima, nami nikajikuta sitaki kuzisikia. Kichwani nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kumwambia Zaituni, na kila nilipoyapanga, basi liliruka shimo yakachanganyika.

Nilipofika Magomeni alikuwa ananing'iniza nguo uani. Akatazama nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

Nikamwambia yote, kama nilivyoagizwa. Hakulia. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akashika kidevu, akakaa hivyo mpaka nguo zilizobaki kwenye beseni zikaanza kukauka zenyewe. Mimi nikaona nimtulize kwa hesabu. Nikamweleza kodi ya Likombe, samaki, sukari isiyokuwapo, mshahara wa kule na wa huku, mkaa, maji, nauli ya basi la kazini, nikitoa na kujumlisha. Na kwa haki niwaambie, nilipomaliza, mizani ilikuwa sawasawa. Tungekula vizuri zaidi kule, tungekunywa chai bila sukari. Hapa tungebaki na sukari na kubanana.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Nauli ya meli kwa mtu mzima ni kiasi gani?"

Nikamtajia.

"Na ya mtoto?"

"Nusu."

Akahesabu kwa vidole, taratibu.

"Tukibaki hapa tutailipa kila mwaka, kwenda na kurudi, kumwona mama," akasema. "Tukihama tutailipa mara moja."

Akainuka, akajifuta mikono, akaenda kumuuliza mwenye nyumba kama ana magunia matupu.